Mafuta ya Maganda ya Korosho: Takataka ya Kiwanda, Mali ya Mwanachama

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo ambalo vyama vingi vinavyoanza kubangua korosho havijalitilia maanani, nalo ni hatima ya maganda. Korosho ikisha kubanguliwa, kila mtu hutazama kiini. Kiini hupimwa, hupangwa katika madaraja na kuandikwa daftarini. Maganda hurundikwa nyuma ya banda, na aghalabu huchomwa moto. Ndani ya maganda hayo mna kemikali ambazo viwanda vya nchi nyingi huzinunua. Yafaa kila katibu ajue kemikali hizo ni zipi, hupatikana namna gani, na ni za nani.

Kanuni ya mabaki

Kila kiwanda hutoa vitu viwili: kile kilichokusudiwa na kile kinachobaki. Mara nyingi kinachobaki ndicho kikubwa kwa uzito. Katika jani la mkonge, singa zinazouzwa hazizidi kilo 5 katika kila kilo 100 za majani mabichi. Zilizosalia ni maji na makapi. Hata hivyo, katika makapi hayo mna kemikali iitwayo hekojenini, ambayo katika miaka ya 1950 ilikusanywa kutoka mashamba ya mkonge ya Afrika Mashariki ikatumika Uingereza kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Vivyo hivyo, molasi inayobaki baada ya kutengeneza sukari huchachushwa ikawa spiriti, na mbegu inayobaki baada ya kuchambua pamba hukamuliwa mafuta ya kula. Katika mambo yote hayo kanuni ni moja: mabaki hayawi mali mpaka mtu ajue yamebeba nini, ayatenge mapema kabla hayajaharibika, na awe na mnunuzi.

Korosho inafuata kanuni hiyo hiyo. Katika kila kilo 100 za korosho ghafi, kilo 20 hadi 25 tu ndizo korosho karanga, na takriban kilo 70 ni maganda. Kwa hiyo kila gunia linalosafirishwa likiwa ghafi hubeba maganda mengi kuliko viini. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania husafirishwa hivyo, hasa kwenda India na Vietnam, na wabanguaji wa huko hupata kiini na ganda pamoja.

Ndani ya ganda mna nini?

Ukilikata ganda la korosho utaona matabaka matatu. La nje ni gumu kiasi na lenye kung'aa, la ndani ni gumu zaidi, na katikati mna vitundu vidogo vidogo mfano wa sega la nyuki. Vitundu hivyo vimejaa majimaji mazito yenye rangi ya kahawia. Hayo ndiyo mafuta ya maganda ya korosho, na uzito wake ni karibu robo ya uzito wa ganda, pengine zaidi.

Wabanguaji wanayajua mafuta haya kwa maumivu yake. Huunguza ngozi, huichubua vidole na kuvitia weusi. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, na yeyote aliyewahi kubabuka midomo kwa utomvu wa embe bichi ameonja jambo la namna hii kwa kiasi kidogo. Mti umeyaweka mafuta hayo pale ili kuilinda mbegu yake na wadudu.

Mafuta haya si ya kula kamwe. Kwa lugha ya wanakemia ni mchanganyiko wa vitu vya jamii ya fenoli. Viwanda vingi hupata fenoli kutokana na mafuta ya petroli. Mkorosho huzitengeneza wenyewe kila mwaka. Katika mafuta yaliyokamuliwa bila moto mkali, takriban sehemu 60 hadi 65 katika kila 100 ni asidi ya anakadi, sehemu 15 hadi 20 ni kardoli, na karibu sehemu 10 ni kardanoli. Yakipashwa moto mkali, asidi ya anakadi hutoa hewa ukaa na kugeuka kardanoli. Ndiyo maana mafuta yaliyopikwa huwa na kardanoli sehemu 60 hadi 65 katika 100. Kardanoli ndiyo inayotafutwa na viwanda vingi.

Kardanoli ina kazi nyingi. Ikichanganywa na fomaldehaidi hugeuka ulimbo mgumu usioyeyuka kwa joto. Ulimbo huo husagwa ukawa unga, na unga huo hutiwa katika pedi za breki za magari ili zisipoteze nguvu ya kukamata zinapopata moto wala zisipige kelele. Hutumika pia katika rangi, vanishi na gundi, na katika viungo vya kukaushia rangi za meli, ambavyo hufanya kazi hata penye baridi na unyevu. Mafuta yenyewe hupakwa mbao ili kuzuia mchwa.

Njia ya kubangua ndiyo huamua

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa. Mafuta huokolewa au hupotea wakati ule ule korosho inapoandaliwa kubanguliwa. Zipo njia tatu zinazotumika sana.

Ya kwanza ni kubanika juu ya moto, katika karai la wazi au pipa linalozungushwa. Ganda hushika moto, mafuta huungua, na moshi wake huwasha macho na kifua. Njia hii ni rahisi na haihitaji mtaji, lakini mafuta karibu yote hupotea.

Ya pili ni kuzamisha korosho katika tangi la mafuta hayo hayo ya maganda yaliyopashwa moto wa sentigredi 190 hadi 200, kwa muda wa dakika mbili hivi. Vitundu vya ganda hupasuka na kutoa mafuta, nayo huongezeka tangini na kufurika kwenye chombo cha kukusanyia. Kwa njia hii takriban nusu ya mafuta hupatikana, tena yakiwa yamekwisha pikwa. Yaliyobaki gandani huweza kukamuliwa baadaye. Kasoro yake ni kwamba joto likizidi au korosho ikikawia, kiini huungua na bei yake hushuka. Kazi hii yataka fundi mwenye kipimajoto, si mtu wa kukisia kwa macho.

Ya tatu ni kutumia mvuke. Korosho hupikwa kwa mvuke, hupozwa, kisha ganda hukatwa kwa mashine ndogo ya mkono na mguu au kwa mashine kubwa. Ganda hutoka likiwa na karibu mafuta yake yote, na kiini hubaki cheupe. Maganda hayo hupelekwa kwenye kinu cha kukamulia chenye parafujo, kinachofanana na vile vya kukamulia alizeti ila ni imara zaidi. Kwa chama kinachotaka kiini kizuri na mafuta pia, njia hii ndiyo inayofaa zaidi.

Kuna pia njia ya kuyeyusha mafuta kwa kemikali kama hekseni. Hutoa mafuta mengi kuliko kinu, lakini kemikali hiyo hushika moto upesi mno, na haifai kwa chama cha msingi.

Kukamua, kupika na kupima

Maganda yanayongoja kinu yawekwe chini ya paa, juu ya sakafu kavu, mbali na jiko. Maganda yaliyonyeshewa hutoa mafuta yenye maji, na rundo kubwa likipata moto ni vigumu kulizima. Yachekechwe ili kuondoa mchanga, misumari na vipande vya kamba, maana vitu hivyo hula parafujo za kinu. Lile ganda jembamba jekundu linalokivika kiini lisichanganywe nayo. Hilo halina mafuta haya, ila lina tanini, ambayo hutumika kutengenezea ngozi. Lina njia yake.

Mafuta yakisha kukamuliwa huachwa yatulie ili mashapo yazame, kisha huchujwa. Kama mnunuzi anataka mafuta yaliyopikwa, hupashwa moto polepole. Ieleweke vema kwamba wakati wa kupika hewa ukaa hutoka kwa wingi, na mafuta huumuka kama maziwa yanayochemka. Chombo kisijazwe kupita nusu, na maji yote yawe yamekwisha tolewa. Mafuta yakimwagikia motoni huwaka.

Kuhusu hayo, katibu na mtunza ghala wajue jambo moja la hesabu. Hewa ukaa ina uzito wake. Katika kila kilo 100 za asidi ya anakadi, kilo 12 hadi 13 huondoka hewani wakati wa kupika. Kwa kuwa asidi hiyo si mafuta yote, kilo 100 za mafuta mabichi yasiyo na maji huwa takriban kilo 92 baada ya kupikwa. Chama kisichojua hili kitamshitaki mtunza ghala kwa wizi wa kilo 8 ambazo hakuziiba; na chama kinacholijua nusu nusu kitamwamini mtunza ghala anayesema kwamba kilo 20 zimeondoka na hewa. Kwa hiyo uzito uandikwe mara mbili, kabla na baada ya kupika, na tofauti ielezwe.

Mnunuzi naye ana vipimo vyake. Kiwango cha India cha mafuta yaliyopikwa, namba IS 840, huruhusu maji yasiyozidi sehemu 1 katika 100, na majivu kadhalika. Hupimwa pia uzito wa mafuta kwa lita, ulaini wake wa kumiminika, na upungufu wa uzito yakipashwa moto. Kipimo hiki cha mwisho humwonyesha mnunuzi iwapo mafuta hayajapikwa vya kutosha. Mapipa yawe safi na makavu. Maji kidogo yaliyosahaulika ndani ya pipa yaweza kukataliwa pamoja na pipa zima.

Hatua ya mwisho ni kukeneka, yaani kuyageuza mafuta kuwa mvuke kisha kuupoza mvuke ukarudi kuwa majimaji, kwa kanuni ile ile ijulikanayo na wapika gongo. Tofauti ni kwamba kardanoli haikenekwi katika chombo cha kawaida. Moto unaohitajika ni mkali kiasi kwamba mafuta yangeganda kama lami kabla ya kutoka. Hukenekwa katika chombo kilichonyonywa hewa, ambamo huchemka kwa moto mdogo zaidi. Hiyo ni kazi ya kiwanda chenye wanakemia. Chama kiridhike kuuza mafuta safi.

Mashudu yanayobaki kinuni nayo yasitupwe, kwani ni kuni nzuri za kupashia matangi ya mvuke. Lakini maganda ambayo hayajakamuliwa yasigawiwe akina mama kuwa kuni za jikoni. Moshi wake hudhuru macho na mapafu, na lami yake huganda katika mabomba.

Hesabu ya chama kimoja na ya vyama vingi

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Chama kinabangua tani 10 za korosho ghafi kwa msimu. Kitapata tani 7 za maganda. Tuseme kinu chake ni cha wastani na hutoa kilo 15 za mafuta katika kila kilo 100 za maganda. Kitapata kilo 1,050 za mafuta mabichi, au takriban kilo 966 baada ya kupikwa. Pipa la lita 200 huchukua kilo 190 hivi. Kwa hiyo jasho lote la msimu ni mapipa matano. Hakuna mnunuzi wa ng'ambo atakayeleta meli kwa mapipa matano, na kinu kitakaa bila kazi sehemu kubwa ya mwaka huku deni lake likikua.

Sasa tuchukue vyama 20 vya namna hiyo chini ya Chama Kikuu. Korosho ni tani 200, maganda tani 140, mafuta mabichi tani 21, na mafuta yaliyopikwa zaidi ya tani 19, yaani mapipa 100. Hapo pana shehena ya kuuza, na pana mashudu tani 119 za kuendeshea matangi ya mvuke. Kinu ni kimoja, fundi ni mmoja, na kipimo cha ubora ni kimoja. Ushirika ulianzishwa kwa ajili ya mahesabu kama haya.

Hata hivyo tusikimbilie ukubwa. Serikali na wafadhili walijenga viwanda vikubwa vya korosho hadi vikafika 12, na uwezo wake ulizidi tani 100,000 kwa mwaka. Mavuno ya nchi yalikuwa yamefika tani 145,000 katika msimu wa 1973/1974. Kisha yakaanguka, kwa sababu ya bei ndogo, wakulima kuhamishwa mbali na mashamba yao, na ugonjwa wa ubwiri unga, hata katika msimu wa 1986/1987 hayakufika tani 20,000. Viwanda vingi vilisimama, na baadhi vikawa maghala. Mavuno yalikuja kufufuka, na katika msimu wa 2017/2018 yalizidi tani 300,000, lakini mashine zile hazikuwa tena za kutegemewa. Funzo lake ni wazi: mashine ifuate maganda yaliyopo ghalani, isitangulie maganda yanayotarajiwa.

Maganda ni ya nani?

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika katika zao la korosho mwaka 2007, kazi kubwa ya chama cha msingi imekuwa kupokea korosho ghafi, kuipima na kuifikisha ghala kuu. Anayenunua korosho ghafi hununua na ganda lake. Hapo hapana ubishi. Chama kinapobangua chenyewe, ganda ni la chama. Mashaka huingia pale chama kinapompa mtu mwingine korosho aibangue kwa malipo.

Katika ukaguzi wa chama kimoja, ambacho si lazima kukitaja, niliuona mkataba wa namna hiyo wenye kurasa nne. Ulitaja uzito wa korosho ghafi, malipo kwa kila kilo, siku ya kurudisha korosho karanga, na faini ya kuchelewa. Neno "maganda" halikuwamo. Mbanguaji alichukua maganda yote akayauza kuwa kuni za tanuri. Wanachama walipouliza katika mkutano mkuu, Kamati haikuwa na kifungu cha kuonyesha. Mbanguaji alikuwa amelipwa mara mbili, kwa fedha na kwa maganda, na mara ya pili hakuna aliyeitia sahihi wala kuikataa.

Simlaumu mbanguaji aliyechukua kisichotajwa. Lakini wanachama wale waliilima korosho nzima, na walirudishiwa robo yake.

Mambo ya kutekeleza

Kwa hiyo nawasihi makatibu na Kamati za vyama kuzingatia haya kabla ya msimu ujao:

1. Kila mkataba wa kubangua utaje maganda kwa jina: ni ya nani, yatapimwa lini, na kama mbanguaji atayachukua, thamani yake itapunguzwa vipi katika malipo yake.

2. Maganda yapimwe na kuandikwa katika daftari la ghala kama zao jingine lolote. Uzito wa maganda humsaidia pia mkaguzi kuhakiki uzito wa viini. Ukipata kilo 70 za maganda na kilo 12 tu za viini, pana jambo la kuulizwa.

3. Mapato ya mafuta, maganda na mashudu yawe na hesabu yake peke yake, yasizame katika "mapato mengineyo". Mkutano mkuu uone kama kazi hiyo inalipa kuliko kuyauza maganda kama yalivyo.

4. Kinu kisinunuliwe kabla ya kupata mnunuzi kwa maandishi, na kabla ya kushauriana na Chama Kikuu, pamoja na wataalamu wa utafiti wa korosho waliopo Naliendele, Mtwara. Taratibu za hifadhi na usimamizi wa mazingira zifuatwe. Mafuta haya yakimwagwa mtoni huua samaki.

5. Wabanguaji na waendesha kinu wapewe glavu, aproni na miwani. Wengi hupaka mikono majivu au mafuta ya kula ili ganda lisiwaunguze. Hiyo ni afadhali kuliko mikono mitupu, lakini haitoshi. Gharama ya vifaa hivyo ihesabiwe kuwa gharama ya kazi, isisubiri faida.

Wahenga wa ushirika walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maganda ya korosho yamepotea hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu hayakuwa na ukurasa. Naomba kila katibu, atakapofungua daftari la msimu ujao, aongeze safu moja chini ya korosho karanga, aiandike "Maganda", na aijaze tangu siku ya kwanza ya kubangua.